Ngozi nayo huzeeka: Ilinde na jua, ikague wakati wa udhu



Ndugu msomaji, tunapozungumzia afya ya wazee wetu, mara nyingi tunataja presha, kisukari, macho na magoti. Ngozi huwa hatuitaji. Tunadhani ngozi ni suala la urembo, na urembo ni wa vijana. Hilo si sahihi. Ngozi ni kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini. Ndiyo inayozuia vijidudu visiingie, maji ya mwili yasipotee na joto lisituzidi. Ikichoka, mwili wote huwa wazi kwa maradhi.

Katika makala haya tutaangalia kwa nini ngozi huzeeka, vipi tuilinde, na dalili zipi zisisubiri hata wiki moja kabla ya kumuona daktari. Tutachukua mfano wa Zagayu na eneo zima la Bariadi, mkoa wa Simiyu, mkoa uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Huko watu wengi ni wakulima wa pamba, mahindi na mtama, na ni wafugaji. Kazi zao zote zinafanyika juani. Lakini hata ndugu zetu wa mijini, wanaouza bidhaa barabarani au kuendesha bodaboda, maneno haya yanawahusu.

Nini hutokea ngozi inapozeeka?

Ngozi ya kijana hujibadilisha upya kila baada ya siku 28 hivi. Seli za chini hupanda juu, hufa, kisha hupukutika. Kwa mzee kazi hiyo huchukua muda mrefu zaidi, ndiyo maana kidonda kilichokuwa kikipona kwa wiki moja sasa kinachukua wiki tatu.

Chini ya ngozi ya juu kuna nyuzi ziitwazo kolajeni, ambazo ndizo zinazoipa ngozi uimara. Nyuzi hizi hupungua kidogo kidogo kila mwaka. Kwa akina mama hupungua kwa kasi zaidi mara hedhi inapokoma. Inakadiriwa kuwa katika miaka 5 ya mwanzo baada ya hapo, mwanamke anaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni ya ngozi yake.

Vile vile tezi za mafuta na za jasho hupunguza kazi, na tabaka la mafuta chini ya ngozi hupungua. Matokeo yake ngozi inakuwa kavu, nyembamba, inawasha, inachubuka kwa jambo dogo, na makunyanzi yanajitokeza.

Hayo ni maumbile ya Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na hakuna krimu ya kuyazuia. Lakini sehemu kubwa ya uharibifu tunaouita uzee si uzee hata kidogo, bali ni kazi ya jua, moshi, tumbaku na kemikali tunazojipaka wenyewe. Ukitaka kuhakikisha, chukua mtu mzima aliyelima miaka mingi, linganisha ngozi ya uso na nyuma ya shingo yake na ngozi ya tumbo lake. Umri ni mmoja, mwili ni mmoja, lakini ngozi ni mbili tofauti.

Jua na kivuli chako

Bariadi ipo chini kidogo ya mstari wa Ikweta, chini ya nyuzi 3 kusini, na ipo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda juu ndivyo miale mikali ya jua inavyoongezeka, takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Katikati ya mwezi Machi na mwishoni mwa Septemba jua la mchana hupita karibu kabisa juu ya utosi. Katika nchi za Ikweta kipimo cha miale hiyo wakati wa mchana hufika 11 au zaidi, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakihesabu kuwa cha hatari kabisa. Mawingu nayo yasikudanganye, kwani sehemu ya miale hiyo hupenya mawingu.

Wapo wanaosema, "Sisi ni weusi, jua halitudhuru." Ni kweli kuwa rangi nyeusi ni kinga kubwa aliyotujaalia Mola wetu, nasi hatuungui haraka kama Wazungu. Lakini kinga hiyo ina kikomo. Miale ile ile bado inakata nyuzi za kolajeni, inaleta mabaka meusi mashavuni, na inaharibu macho kwa kuharakisha mtoto wa jicho.

Sasa mtu atajuaje jua kali ni lipi, wakati hana kipimo chochote? Wataalamu wanatoa kanuni rahisi: tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, miale ni mikali. Kikiwa kirefu kuliko wewe, miale imepungua.

Waislamu tunakijua kipimo hiki tangu utotoni, kwa sababu ndicho tunachotumia kujua nyakati za swala. Kwa saa za Bariadi, jua hufika juu kabisa kwenye saa 6 na nusu hadi saa 7 mchana, kisha likipinduka inaingia adhuhuri. Kivuli cha kitu kikilingana na urefu wake, ukiacha kile kivuli kidogo cha adhuhuri, inaingia alasiri. Kwa hiyo muda wa kuanzia saa 4 asubuhi mpaka adhana ya alasiri ndio muda wa jua kali. Mkulima aliyeamka kwa swala ya alfajiri akaenda shamba moja kwa moja anaweza kufanya kazi zaidi ya saa 3 kabla ya jua kukomaa, akapumzika, kisha akarudi baada ya alasiri. Tusiwapeleke wazee wetu shambani saa 6 mchana wakati wa palizi au kuchuma pamba. Wakae chini ya mkwaju wachambue pamba kivulini.

Mavazi ndiyo kinga ya kwanza

Krimu za kukinga jua zina bei, na vijijini hazipatikani kirahisi. Kwa mtu mweusi asiye na ualbino, nguo inatosha. Mikono mirefu, kitambaa kilichofumwa kwa kubana, na rangi iliyokolea huzuia miale vizuri kuliko fulana nyeupe iliyochakaa. Ukiweza kuona taa kupitia kitambaa, basi na miale inapita.

Akina mama wenye kuvaa ushungi wamekwisha kulinda masikio, shingo na kifua. Kinachobaki ni uso na viganja, na hapo mwavuli au kofia pana ya majani juu ya ushungi inasaidia. Kwa wanaume tatizo lipo. Kofia zetu za kiua na baraghashia ni vazi zuri la msikitini, lakini hazina ukingo, hivyo pua, masikio na kisogo vyote vipo juani. Ukienda shamba au machungani badilisha, vaa kofia pana au kilemba chenye kufunika masikio na shingo.

Hata hivyo tusiliogope jua kupita kiasi. Mwili unalihitaji kwa ajili ya kutengeneza vitamini D inayoimarisha mifupa. Mzee anayeshinda ndani, na mama anayejisitiri na asiyetoka mara kwa mara, watoke uani kwa muda mfupi mikono ikiwa wazi penye faragha.

Na tuwakumbuke kwa namna ya pekee ndugu zetu wenye ualbino, ambao Kanda ya Ziwa wamepitia dhuluma kubwa. Wao hawana ile kinga ya rangi, na saratani ya ngozi huwapata wakiwa bado vijana. Kwao krimu ya kukinga jua yenye nguvu ya 30 au zaidi ni dawa, si urembo. Ipakwe kabla ya kutoka na irudiwe kila baada ya saa 2 wakiwa nje, pamoja na kofia pana na mikono mirefu. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na huko ndiko ilikoanzia krimu iitwayo Kilisun iliyotengenezwa kwa ajili yao. Mwenye mtoto mwenye ualbino aulize hospitali ya wilaya au ya mkoa kuhusu kliniki na krimu hizo.

Maji, sabuni na mafuta

Uislamu ni dini ya twahara, na alhamdulillah Muislamu huosha uso, mikono na miguu mara nyingi kwa siku. Kwa ngozi ya mzee, hata hivyo, maji yakitumika vibaya yanaikausha. Zingatieni haya:

1. Tumia maji kidogo. Imepokewa kuwa Bwana Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kiasi kinachokadiriwa kuwa kama robo tatu ya lita. Maji mengi si twahara zaidi, na huondoa mafuta ya asili ya ngozi.

2. Maji yawe ya uvuguvugu au baridi. Maji ya moto sana huongeza ukavu na muwasho.

3. Usioge kwa sabuni ya unga, na sabuni ya mche ya kufulia usiitumie mwili mzima kila siku. Sabuni hizo ni kali kwa ngozi. Kwa mzee sabuni itumike kwapani, sehemu za siri kwa nje, na miguuni. Kwingine maji yanatosha siku nyingi.

4. Usisugue kwa nguvu. Dodoki gumu huchubua ngozi nyembamba.

5. Jifute kwa kugandamiza taulo, si kwa kuvuta, hasa katikati ya vidole vya miguu. Wengi wenye fangasi za vidoleni huzipata kwa kuvaa viatu vya kufunika miguu ikiwa na maji ya udhu.

6. Jipake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, ndani ya dakika chache baada ya kuoga. Mafuta hayaongezi maji, kazi yake ni kuyazuia yaliyopo yasitoke. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato ni bora na ni ya bei nafuu. Mafuta ya alizeti, ambayo mkoa wa Simiyu unayalima, nayo ni mazuri.

Kwa wenye magaga: loweka miguu katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 10, sugua taratibu kwa jiwe la miguu, paka mafuta ya mgando kwa wingi, vaa soksi, kisha lala. Fanya hivyo kila usiku kwa wiki mbili. Usikate magaga kwa wembe. Kwa mwenye kisukari kuna tahadhari ya ziada, kwani miguu yake inaweza kuwa imepoteza hisia. Asiloweke miguu wala asisugue kwa jiwe. Aoshe haraka, ajifute, apake mafuta juu na chini ya unyayo lakini si katikati ya vidole. Asitembee pekupeku juu ya sakafu ya ua wa msikiti iliyochomwa na jua, maana ataungua bila kujua.

Tahadhari ya mkorogo na piko

Jambo hili halina budi kusemwa wazi. Wapo akina mama, na siku hizi hata wanaume, wanaojipaka mkorogo ili waonekane weupe au wadogo kwa umri. Katika mkorogo mara nyingi mna vitu vitatu: haidrokwinoni, zebaki, na dawa za jamii ya steroidi kama klobetasoli na betamethasoni.

Haidrokwinoni ikitumika kwa muda mrefu huleta madoa ya rangi ya bluu na nyeusi mashavuni, ambayo hayaondoki kirahisi, na kwa hiyo aliyetaka weupe huishia na weusi usiotibika. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba mno, huleta michirizi, huongeza fangasi, na hufanya vidonda vichelewe kupona. Zebaki huingia mwilini ikaharibu figo na mishipa ya fahamu, na humfikia mtoto aliye tumboni na anayenyonya.

Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini Tanzania, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi upo chini ya Shirika la Viwango, TBS. Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa mwaka 2013 nao unapinga vipodozi vyenye zebaki. Ukiona krimu haina orodha ya viambato wala anuani ya mtengenezaji, au inachanganywa dukani mbele yako katika kopo, iache.

Aliyekwisha zoea krimu ya steroidi asiikatishe ghafla bila ushauri, kwani ngozi inaweza kuwaka na kuvimba. Aende hospitali aeleze ukweli, atasaidiwa kuacha.

Kuhusu hina: hina halisi hutoa rangi nyekundu au ya kahawia, haitoi rangi nyeusi tititi. Ile nyeusi, yaani piko, huwa imechanganywa na rangi ya nywele ya viwandani. Kwa baadhi ya watu huunguza na kutoa malengelenge, na wengine huvimba uso wanapoipaka ndevuni au kichwani. Hina ya majani yaliyosagwa inatosha kwa wazee wetu.

Dalili ambazo si za kusubiri

Kwa watu weusi, ile saratani mbaya zaidi ya ngozi haipendi kutokea usoni. Hutokea zaidi kwenye unyayo, kiganjani na chini ya kucha. Bob Marley, mwanamuziki wa Jamaika, alikutwa nayo chini ya kucha ya kidole gumba cha mguu mwaka 1977 na alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Wengi wetu huona doa jeusi unyayoni wakadhani ni mwiba, sugu au kucha iliyogongwa na jembe. Hulikata kwa wembe, hulichoma kwa dawa, miezi inapita. Likifika hospitali limekwisha sambaa.

Hapa ndipo udhu unapotupa fursa. Unapoosha mguu na kupitisha kidole katikati ya vidole, itazame ngozi. Mara moja kwa wiki, baada ya udhu wa alfajiri au wa alasiri, geuza unyayo penye mwanga uukague wote. Mzee asiyeona vizuri au asiyeweza kuinama, mjukuu amsaidie. Nenda kituo cha afya ukiona mojawapo ya haya:

- Doa jeusi unyayoni, kiganjani au mstari mweusi kwenye kucha, linalokua, lenye kingo zisizolingana, au lililobadilika rangi.
- Kidonda kisichopona kwa zaidi ya wiki 4, hasa kilichotokea juu ya kovu la zamani la moto au juu ya kidonda sugu cha mguu. Kidonda cha aina hiyo kinaweza kugeuka saratani.
- Baka lililopauka ambalo halihisi mguso. Hiyo inaweza kuwa dalili ya ukoma, na ukoma unatibika.
- Malengelenge yenye maumivu makali upande mmoja wa mwili, yaani mkanda wa jeshi. Wazee huupata kwa sababu kinga hupungua kwa umri, hivyo tusikimbilie kumtuhumu mtu. Dawa hufanya kazi vizuri ikianza ndani ya siku 3.
- Muwasho wa mwili mzima usiokwisha kwa mafuta. Ukiwa mkali usiku na wengine nyumbani wanajikuna, huenda ni upele, na wote mtibiwe siku moja na nguo na mashuka yafuliwe. Usipokuwa upele, kisukari, figo na ini vipimwe.

Anzia zahanati. Ikihitajika utapewa rufaa hospitali ya mkoa pale Bariadi, na kutoka hapo Bugando, Mwanza. Mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea asiyekuwa na uwezo aulize kuhusu utaratibu wa matibabu ya wazee.

Mzee aliyelala kitandani

Mzee asiyeweza kujigeuza hupata vidonda vya kulalia, navyo vimewaua wazee wengi majumbani kimya kimya. Vinaanza kama wekundu au weusi usiofifia kiunoni, nyongani, visiginoni. Ageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana. Watu wa nyumbani wagawane zamu. Shuka lisiwe na mikunjo, akijisaidia asafishwe mara moja kwa maji, akaushwe, apakwe mafuta ya mgando. Visigino viinuliwe kwa mto chini ya miguu. Ikiwa maji yanadhuru vidonda vyake, dini ina ruhusa ya kutayamamu, na sheikh wa msikiti wenu atawaelekeza namna.

Neno la mwisho kwa wenye wazee nyumbani

Katika mikoa ya Usukumani kumekuwapo na balaa la vikongwe kuuawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi ushahidi uliotolewa ni macho mekundu na uso uliokunjamana. Ndugu zangu, makunyanzi ni kazi ya miaka mingi ya jua katika mashamba yaliyotulisha sisi. Macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe tulichopikiwa chakula tangu tukiwa wadogo. Moshi huo huo unaharibu na ngozi. Mwenye uwezo amjengee mama yake jiko lenye bomba la kutolea moshi, au ahamishie jiko mahali penye hewa.

Wazazi tumeamrishwa kuwatendea wema wakifikia uzee. Wema huo haujaishia kwenye kutuma pesa kwa simu. Kopo la mafuta ya mgando, kofia pana, na mjukuu wa kukagua unyayo mara moja kwa wiki ni vitu ambavyo karibu kila nyumba inaviweza. Leo kabla ya kulala, mtazame mzee wako miguu.

Wabillahi tawfiq.